Kuhifadhi Neno Lisipotee

Mazungumzo haya yalisomwa redioni katika darasa la watu wazima. Yamechapwa hapa kama yalivyosemwa, ili waliokosa kusikiliza wayasome, na waliosikiliza wayadurusu.

Natumaini mmekwisha kaa, mmoja barazani, mwingine jikoni anachochea moto, na mwingine yuko pwani anatengeneza wavu wake, redio ameitundika juu ya tawi la mkungu. Leo sitaki mtu atafute kalamu wala karatasi. Somo letu la leo ni habari za kukumbuka, na katika somo hili tutatumia kichwa tu, na baadaye kidogo ngumi moja.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Mimi ni mtu wa Tongoni. Nilipokuwa kijana, mtoto wangu wa kwanza, hajatimiza mwaka, alishikwa na tumbo la kuhara. Nilimpeleka zahanati kwa baiskeli, mama yake amekaa nyuma amempakata. Mganga alimtazama, akatupa dawa, kisha akatueleza namna ya kutengeneza maji ya sukari na chumvi, ya kumnywesha mtoto kidogo kidogo kila aharapo, ili mwili wake usikauke. Mambo aliyotuambia ni matatu tu: kiasi cha maji, kiasi cha sukari, na kiasi cha chumvi. Mimi nikaitikia, "Ndiyo, bwana. Ndiyo, bwana," kwa adabu nyingi.

Tulipofika nyumbani jua lilikuwa limekuchwa. Nikachukua sufuria, nikachukua kijiko, na hapo hapo nikasimama kama mlingoti. Sita nilikuwa nayo kichwani. Nusu pia nilikuwa nayo. Lakini sita ya nini, na nusu ya nini? Mke wangu akasema, "Sita ni sukari." Nikamwambia, "Je, kama ni chumvi?" Tukatazamana, na mtoto amelala mkekani, macho yameingia ndani. Basi nilipanda tena baiskeli usiku ule ule, bila ya taa, nikaenda kumgongea mganga mlango. Mtoto akapona, na sasa ni mtu mzima ana watoto wake. Mke wangu ndiye aliyekuwa na haki, na mpaka leo hunikumbusha. Lakini tulifanya vema kwenda kuuliza, maana chumvi vijiko sita katika lita moja ya maji ingeweza kumwua mtoto yule.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali moja. Kwa nini mtu ambaye akiwa mtoto alihifadhi sura nyingi za Kurani kwa ghibu, na ambaye aweza kukutajia jina la kila mwamba kutoka Tongoni mpaka Pangani, ashindwe kuchukua maneno matatu kutoka zahanati mpaka nyumbani?

Jibu si ujinga, wala si uzee. Maneno yale matatu yaliingia kichwani yakiwa matupu, hayana kamba ya kuyafunga. Sita ni sita tu. Haina sura, haina sauti, haina mahali pa kukaa. Kitu cha namna hiyo hupotea upesi kwa kila mtu, msomi na asiyesoma. Lakini ukikifunga kwa wimbo, au kwa picha, au kwa mahali, hukaa. Huo ndio ufundi wote ninaotaka kuwaeleza, na wengi wenu mnao tayari, ila hamkujua kuwa waweza kutumika katika mambo mengine.

Tuchukue kwanza kamba ya wimbo. Watu wetu wa pwani, walipotaka jambo lisisahaulike, walilitungia utenzi. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kipande kina mizani nane, na vipande vitatu vya kwanza huishia kwa kina kimoja. Watu hudhani kuwa vina na mizani ni mapambo. Ni mapambo, sikatai. Lakini vilevile ni ulinzi. Marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, huku huku kwetu Tanga, alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru wenye beti kiasi cha 3,000. Habari ndefu namna ile, ingekuwa ya maneno ya kawaida, nani angeichukua moyoni hata robo yake? Kwa mizani, mtu akipotewa na neno, ubeti wenyewe humwambia neno hilo lina urefu gani na linaishia kwa sauti gani. Huwa kama fundi aliyepoteza kigae kimoja: pengo lenyewe lamwonyesha umbo la kigae.

Basi na mimi, ingawa si mshairi, nimetunga ubeti mmoja wa maji yale ya mtoto. Sikilizeni:

Lita ya maji yangoja,
Sukari sita pamoja,
Chumvi nusu, siyo moja,
Kijiko kiwe cha chai.

Nausema tena polepole, nanyi mseme pamoja nami.

(Msomaji akausema ubeti mara ya pili, akanyamaza kidogo.)

Sasa tazameni ulinzi wake. Chukua kosa lile lililonishika mimi, la kubadilisha sukari na chumvi. Jaribu kusema, "Chumvi sita pamoja." Umeona? Kipande kimechechemea. Mizani ni saba badala ya nane, na sikio la mtu wa pwani halikubali. Jaribu upande wa pili, "Sukari nusu, siyo moja." Hapo mizani ni tisa, imezidi. Kwa hiyo mtu hawezi kukosea kosa lile la hatari ila ubeti utamzomea.

Lakini sharti niwe mkweli kwenu. Kuna kosa moja ambalo ubeti huu haulizuii. Mtu aweza kusema, "Sukari saba pamoja," na mizani ikatimia vizuri, kwa kuwa sita na saba ni ndugu katika urefu. Hapo wimbo peke yake hautoshi. Twahitaji kamba ya pili, yaani picha. Nani aletaye ugonjwa wa kuhara ndani ya nyumba? Mmoja wao ni nzi. Na nzi apenda nini? Sukari. Na nzi ana miguu mingapi? Sita. Basi mwone nzi huyo, mkubwa kama kuku, amesimama juu ya bakuli la sukari, na kila mguu umeshika kijiko. Mkisha kumwona nzi huyo, hamtasema saba tena.

Niongeze mambo mawili juu ya maji hayo, kisha tuendelee. Maji yawe yamechemshwa na kupoa, na vijiko visawazishwe kwa kisu, visijazwe kilima. Tena, dawa ya pakiti itolewayo zahanati ni bora kuliko ya kupima kwa mkono. Ubeti wetu ni wa usiku, na wa mahali palipo mbali na zahanati. Mtoto akiwa amelegea sana, au hanywi, au ana damu katika choo, msikae nyumbani mkiimba, mpelekeni.

Sasa nije kwenye kamba ya mahali, ambayo mimi naipenda kuliko zote.

Mvuvi wa kwetu akitoka na ngalawa, bahari yote ni maji matupu, haina njia wala jina la mtaa. Naye hufika juu ya mwamba ule ule alioonyeshwa na babake, asipotee hata kidogo. Hutumia alama. Huutazama mti fulani wa pwani mpaka ukae sawasawa na kilima fulani cha bara nyuma yake; kisha hutazama upande mwingine, akapata alama nyingine mbili. Mistari hiyo miwili inapokutana, chini yake pana mwamba na samaki. Mvuvi hakumbuki mwamba. Akumbuka alama, na alama ndizo zimwonyeshazo mwamba. Watu wengine wa Afrika wametumia ufundi wa namna hii katika kuhifadhi habari za utawala. Waluba wa kusini mashariki ya Kongo wana ubao mdogo wa kushika mkononi uitwao lukasa, umepigiliwa shanga na kauri. Mtu aliyefundishwa huupapasa kwa kidole, na kila ushanga humkumbusha mfalme, au safari, au mahali patakatifu. Huo si maandishi, lakini kwa yule ajuaye hufanya kazi ya kitabu.

Wazungu nao husimulia habari za Simonides, mshairi wa Kiyunani aliyeishi kiasi cha miaka 2,500 iliyopita. Hadithi hii twaipata kwa Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma. Simonides alialikwa karamuni, akaitwa nje, na mara dari ya nyumba ikaanguka ikawaua wote waliokuwamo. Maiti zilipondeka hata ndugu zao hawakuweza kuwatambua. Lakini Simonides alipofumba macho aliona kila mtu mahali alipokuwa ameketi, akawataja mmoja mmoja, wakazikwa. Toka hapo, wasema, akajua kuwa mahali ndipo penye kushika kumbukumbu. Wasemaji wa Roma wakautumia ufundi huo kuhutubu saa nyingi bila ya karatasi.

Nasi tutumie nyumba. Siyo nyumba ya Kirumi. Nyumba yako mwenyewe. Nyumba zetu nyingi za pwani ni za mpango mmoja: baraza, mlango, ukumbi, chumba, ua, jiko, kisima. Mahali saba, nawe waweza kupita ukiwa umefumba macho, maana umepita hapo usiku mara elfu. Fumba macho sasa. Anayepika asifumbe.

Umetumwa mjini Tanga, sokoni Ngamiani, na watu wa nyumbani wamekupa mambo saba: mchele, betri za tochi, vidonge vya bibi vya shinikizo la damu, uzi wa nyavu, misumari, madaftari ya watoto, na sabuni. Njoo tupite.

Barazani amekaa gunia la mchele. Amevaa kofia ya kiua, amekunja miguu, anacheza bao na jirani yako, na anamshinda. Nenda mlangoni. Huwezi kupita, betri moja kubwa kama pipa imeziba mlango, na wewe unaisukuma kwa bega. Ukumbini umetandikwa mkeka, na juu yake vidonge vyeupe vimeanikwa kama dagaa, na bibi amekaa na ufagio anafukuza kunguru. Ingia chumbani: kitanda kizima kimezongwa na uzi wa nyavu, na ndani yake amelala pweza, anakoroma. Toka uani: kuku wanadonoa misumari, na kila anayemeza anataga yai la chuma. Jikoni sufuria inatokota. Funua kawa, utaona madaftari yanapikwa kwa nazi. Na kisimani povu la sabuni limefoka mpaka limefunika makuti ya mnazi.

Mnacheka? Chekeni. Picha ikiwa ya kawaida haikai. Gunia la mchele lililosimama kimya barazani ni jambo la kila siku, na akili hupita bila ya kulitazama. Linapocheza bao, akili husimama.

Haya, bila ya mimi kuwaambia: jikoni mnapikwa nini?

(Kimya.)

Na nani amelala chumbani, na amezongwa na nini?

(Kimya.)

Na sasa rudi nyumanyuma, kutoka kisimani mpaka barazani, utaje mambo yote saba. Wengi wenu mmeweza. Mtu aliyehifadhi orodha kwa kuirudia mdomoni hawezi kuisema nyumanyuma kwa urahisi, lakini mwenye nyumba hupita nyumba yake upande wowote.

Msidhani kuwa huu ni mchezo wa watoto. Tangu mwaka 1991 yamekuwapo mashindano ya dunia ya kukumbuka, na ya kwanza yalifanywa London. Washindani hupewa karata zilizochanganywa, wakazitazama, kisha wakazitaja zote kwa mpango wake. Mwaka 2003 mtaalamu mmoja aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, Bibi Eleanor Maguire, na wenzake, walitoa habari ya uchunguzi wao wa bongo za watu kama hao. Wasikilizaji, hawakuona kwamba watu hao wana akili kuzidi wengine, wala kwamba bongo zao zina umbo la pekee. Waliona kuwa karibu wote walikuwa wakitumia njia hii hii ya mahali, na kwamba walipokuwa wakihifadhi, sehemu za ubongo zilizofanya kazi zaidi ni zile zitumikazo mtu anapotafuta njia. Yaani ni kazi ile ile ya mvuvi wetu na alama zake.

Nije kwenye hesabu, ambazo ni ngumu kuliko vitu, na hapa ndipo ninapoitaka ngumi yenu. Kunja ngumi ya mkono wa kushoto. Utaona vifundo vinne na mabonde matatu. Anza kifundo cha kidole cha shahada: Januari. Bonde: Februari. Kifundo: Machi. Bonde: Aprili. Endelea hivyo mpaka Julai, iliyo juu ya kifundo cha mwisho. Agosti rudi kuanza kifundo cha kwanza. Kila mwezi ulio juu ya kifundo una siku 31. Ulio bondeni una siku 30, isipokuwa Februari ambayo mnaijua wenyewe. Mkono huo hautasahauliwa nyumbani.

Namba za simu je? Zamani mtu aliweka namba za jamaa zake kichwani au katika kijitabu. Siku hizi simu ya mkononi ndiyo yenye kuzihifadhi, nasi tumeziacha. Mvuvi mmoja nimjuaye alidondosha simu yake baharini siku ambayo mkewe alikuwa karibu na kujifungua. Alifika nchi kavu, akaazimwa simu na mtu mwema, akabaki ameishika tu mkononi. Namba ya mkewe hakuijua. Basi jifunzeni namba mbili au tatu za watu mnaowahitaji usiku wa shida. Mwaka 1956 mtaalamu wa Marekani, George Miller, alionyesha kuwa mtu aweza kushika akilini kwa mara moja vitu kama saba hivi, na wataalamu wa baadaye wamesema ni vinne tu. Namba ya simu ina tarakimu kumi, imezidi. Lakini ukiikata mafungu matatu, nne na tatu na tatu, sasa huchukui vitu kumi bali vitatu. Ndivyo wachukuzi wafanyavyo. Hawabebi kuni moja moja, hufunga mizigo.

Tena yako mambo ambayo hayahitaji kuhifadhiwa orodha, bali kanuni moja tu. Hakuna mvuvi awekaye kichwani saa za maji ya siku zote za mwezi. Anajua kwamba katika bahari yetu ya Tanga, mwezi ukiandama, na vilevile ukiwa mpevu, ndipo pana bamvua, na maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Anajua pia kwamba kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Kwa mambo hayo mawili na kuutazama mwezi, anaijua siku yoyote utakayomwuliza. Kila mnapopewa orodha ndefu, tafuteni kwanza kama haina kanuni ndani yake.

Sasa neno la kudurusu, nalo ndilo gumu, kwa sababu halina mchezo. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu cha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alihifadhi orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima amesahau kiasi gani baada ya saa moja, baada ya siku, baada ya mwezi. Aliona kuwa kusahau huenda mbio sana mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Sehemu kubwa hupotea siku ile ile. Kwa hiyo neno ulilojifunza leo lirudie leo usiku, kisha kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya juma. Muda wa katikati uendelee kurefuka. Kurudia mara kumi kwa saa moja kisha kuacha ni kazi ya bure.

Na kurudia kwenyewe kuna namna mbili. Moja ni kutazama tena kitabu. Ya pili ni kufunika kitabu, ukajilazimisha kusema. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari za kusoma. Wengine walizisoma tena na tena. Wengine walisoma kidogo, kisha wakajaribu kuandika yale waliyoyakumbuka bila ya kutazama. Baada ya dakika tano waliosoma tena na tena ndio waliofanya vizuri. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojijaribu walikumbuka zaidi. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mwalimu wangu wa chuo. Kila asubuhi, kabla ya kutupa aya mpya, alitugeuza mgongo kwenye ubao, tukasoma za jana na za juzi bila ya kutazama. Tulimwona mkali. Kumbe alikuwa akifanya kazi yake sawasawa. Fimbo yake tu ndiyo sikuona faida yake, na mpaka leo sijaiona, kwa sababu nilipoogopa ndipo aya zilipokimbia.

Kuna barua nyingi zinazoniuliza juu ya dawa za kuongeza kumbukumbu zinazouzwa sokoni kwa chupa. Jibu langu ni fupi: wekeni fedha zenu. Usingizi wa kutosha wafaa zaidi, nao hauuzwi. Na ikiwa mzee wenu ameanza kusahau njia ya kwake, au majina ya wanawe, hiyo si kazi ya nyimbo na picha. Mpelekeni hospitali, wala msimcheke.

Tena, msizidi kuuamini ufundi huu. Deni liandikwe. Mpaka wa shamba uandikwe, na mashahidi watie saini au dole gumba. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, nao walikuwa watu wenye kumbukumbu kuliko sisi. Kwetu Tongoni, kilometa 17 hivi kusini ya Tanga, kuna msikiti wa zamani uliobomoka na makaburi kiasi cha 40 ya mawe, mengine yalikuwa na nguzo ndefu ambazo nyingi zimekwisha anguka. Tongo maana yake ni mahame. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipita mbele ya pwani hiyo, iitwayo Mtangata, na merikebu yake moja, São Rafael, ikapanda mwamba. Ikanasuliwa, na mwaka uliofuata, waliporudi kutoka Bara Hindi, wakaichoma moto papo hapo kwa kuwa mabaharia walikuwa wamepungua. Mambo hayo twayajua, mpaka na jina la chombo, kwa sababu mtu mmoja chomboni aliyaandika. Lakini waliolala chini ya nguzo zile, waliokuwa matajiri wa mji, wengi wao majina yao hayajulikani. Bila shaka walikuwa na watu waliowajua kwa majina na nasaba, vizazi saba kwenda nyuma. Watu hao walihama, au walikufa, na hapakuwa na aliyeketi nao akasema, "Nitajie tena."

Basi kazi ya nyumbani ya juma hili ni mbili. Ya kwanza, ubeti wa maji ya mtoto. Mfundishe mtu mmoja wa nyumbani asiyejua kusoma, kisha baada ya siku tatu mwulize, na usimwonyeshe. Akisema sukari saba, mkumbushe nzi.

Ya pili, mwendee mzee mmoja katika jamaa yako. Mwombe akutajie majina ya babu zake, kadiri awezavyo kwenda nyuma. Uyaweke nyumbani mwako, mmoja barazani, mmoja mlangoni, mmoja ukumbini, na wote uwape kazi ya kufanya ili wasisinzie. Halafu, ukijua kuandika, yaandike. Na kama hujui, mtafute mtoto wa shule akuandikie, umsomee wewe kwa moyo.

Juma lijalo, saa hii hii, tutazungumza habari za kusoma mizani ya dukani. Mimi nitawauliza kwanza ni nani aliyelala chumbani. Kwaherini.